Michezo Mitatu Katika Njia za Mlimani

Kuogelea, kupanda baisikeli na kukimbia ni mambo ambayo vijana wengi huyajua bila kufundishwa sana. Mmoja hujifunza kuogelea mtoni pamoja na wenzake. Mwingine huazima baisikeli ya mjomba wake, akaanguka mara kumi, kisha akaweza. Na kukimbia, hapana akumbukaye siku alipoanza. Kila moja la mambo hayo lina mashindano yake. Lakini liko shindano linaloyaunganisha yote matatu kwa siku moja, wala hapana nafasi ya kupumzika katikati. Mshindani huanza kwa kuogelea. Akitoka majini hupanda baisikeli. Akishuka katika baisikeli hukimbia kwa miguu mpaka mwisho. Saa haisimamishwi hata wakati anapofunga kamba za viatu. Shindano hili huitwa trayathloni, jina lililotungwa kwa maneno ya Kiyunani, na maana yake ni mashindano matatu.

Trayathloni ziko za namna mbalimbali. Nyingi hufanywa katika barabara nzuri za lami. Katika somo hili tutasoma habari za namna nyingine, ile ya njia za porini, ambako baisikeli hupita juu ya mawe, mizizi, mchanga na matope, na mkimbiaji hupanda vilima kwa njia nyembamba ya miguu. Tena hatutakaa sana katika habari za mabingwa. Tutamtazama zaidi mchezaji wa ridhaa, yaani mtu asiyelipwa mshahara kwa mchezo wake, ila hucheza kwa kuupenda. Mtu huyu ana kazi yake ya kila siku, ana jamaa wa kuwatunza, na jua likichwa amekwisha kuchoka. Yafaa kumtazama, kwa maana ana swali ambalo kila mmoja wetu atakutana nalo: nguvu zangu ni chache, na wakati wangu ni mchache, nitazigawanyaje zinifikishe mwisho?

JINSI MASHINDANO YALIVYOANZA

Trayathloni ya kwanza ya siku hizi ilifanywa tarehe 25 Septemba 1974, mahali paitwapo Mission Bay katika mji wa San Diego, California, nchi ya Marekani. Walioitengeneza ni Jack Johnstone na Don Shanahan, nao walikuwa watu wa chama cha wakimbiaji. Walikuja washindani 46. Miaka minne baadaye, mwaka 1978, watu 15 walianza shindano refu sana katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, na 12 kati yao wakafika mwisho. Mchezo ukaenea upesi katika nchi nyingi, hata mwaka 2000 ukaingizwa katika michezo ya Olimpiki iliyofanywa Sydney, Australia.

Wakati huo huo katika California palikuwa na vijana wengine wenye mchezo wao. Katika wilaya ya Marin, karibu na mlima Tamalpais, walikusanya baisikeli kuukuu zenye matairi mapana, wakazisukuma mpaka juu ya vilima, kisha wakateremka kwa mbio. Mwaka 1976 walianza kushindana katika njia moja kali ya mteremko. Baisikeli zile zilikuwa na breki ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, nayo hushika mtu anapokanyaga pedeli kinyumenyume. Kwa ukali wa mteremko, breki zilipata moto hata grisi iliyokuwamo ikageuka moshi. Mtu akifika chini hakuwa na budi kufungua kitovu na kukijaza grisi upya. Kwa sababu hiyo waliipa njia ile jina la Repack, maana yake “jaza tena.” Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, alitengeneza baisikeli ya namna mpya iliyokusudiwa milima tangu mwanzo. Hivyo mchezo wa vijana ulizaa chombo kipya, na leo baisikeli za mlimani hupatikana katika kila pembe ya dunia.

Haikuwa ajabu basi kwamba mambo haya mawili yalikutana. Mwaka 1996, katika kisiwa cha Maui, Hawaii, palifanywa trayathloni ambayo njia yake ilikuwa ya porini. Baadaye mashindano haya yalijulikana kila mahali kwa jina la XTERRA. Mshindi wa wanaume katika shindano lile la kwanza alikuwa Jimmy Riccitello wa Marekani.

Njia ya Maui ilikuwa na sifa ya ukali. Washindani waliogelea baharini mwendo wa kilomita moja na nusu. Kisha walipanda baisikeli kiasi cha kilomita 30 katika mitelemko ya mlima Haleakalā, mlima wa moto wenye urefu wa mita 3,055 juu ya bahari. Hawakufika kileleni, lakini hata huko chini njia yao ilikuwa ya mawe ya volkano yaliyo meusi na makali, nayo magurudumu huteleza juu yake kama juu ya changarawe. Mwisho walikimbia kilomita 10 au 11 katika jua na vumbi. Tena huko mwota mti uitwao kiawe, wenye miiba mirefu. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Watu wa Baringo katika Kenya wanaujua ndugu yake, yule waumwitao mathenge, nao hawahitaji kuelezwa jinsi mwiba wake uwezavyo kutoboa tairi. Mwaka 2011 shindano lilihamishiwa upande mwingine wa kisiwa, mahali paitwapo Kapalua, na mwaka 2022 ubingwa wa dunia ulipelekwa Molveno, Italia, penye ziwa katikati ya milima.

MTU MMOJA AJITAYARISHA

Sasa na tumfikirie mtu mmoja aliye mfano wa wengi. Ni karani katika mji mmoja wa Marekani, umri wake miaka 40. Ana mke na watoto wawili. Tangu alipoacha shule hakushindana na mtu. Siku moja anaona tangazo la trayathloni ya porini itakayofanywa baada ya miezi sita: kuogelea kilomita moja na nusu katika ziwa, kupanda baisikeli kilomita 30, na kukimbia kilomita 10. Anaandikisha jina lake. Rafiki zake wanacheka. Mkewe hacheki, ila anamwuliza, “Na saa za kujizoeza utazipata wapi?”

Swali lile ndilo lenye maana. Karani wetu hawezi kuacha kazi. Basi aligawanya juma lake hivi: siku mbili ataogelea kabla ya kwenda kazini, siku mbili atakimbia jioni, siku moja ya mapumziko ya mwisho wa juma atapanda baisikeli kwa muda mrefu, na siku mbili atapumzika kabisa. Lakini kabla ya yote alikwenda kwa daktari akapimwa moyo na damu, maana mtu aliyekaa kitini miaka mingi hapaswi kuuamsha mwili wake ghafula.

Kwanza tuone kuogelea. Karani alijua kuogelea katika birika la mji, penye maji matulivu na ukuta wa kushika. Katika ziwa mambo yalikuwa mengine. Maji yalikuwa ya baridi na yenye giza. Hapakuwa na mstari chini wa kumwongoza. Mara ya kwanza pumzi zilimkaza, akarudi ufukoni baada ya mita 50. Mwalimu wa kuogelea alimwambia, “Hukukosa nguvu. Ulizuia pumzi.” Kwa kawaida mtu mwenye hofu huvuta hewa asiitoe, na kifua kikijaa hewa iliyotumika hujiona kama anakufa. Dawa yake ni kupuliza pumzi polepole uso ukiwa majini, kisha kugeuza kichwa upande na kuvuta hewa mpya. Alijifunza pia kuinua macho kidogo kila baada ya kupiga mikono mara nane au kumi ili aone boya, kwa maana mwogeleaji asiyetazama aendako huenda upande, akaogelea mita mia nyingi za bure. Wala hakuingia ziwani peke yake hata siku moja. Daima mwenzake mmoja alimfuata kwa mtumbwi. Sharti hili ni la kila mwogeleaji, hodari na asiye hodari.

Pili ni baisikeli. Hapa karani alidhani anajua yote, maana alipanda baisikeli tangu utoto. Njia ya mlimani ikamfundisha haraka. Katika mteremko wa kwanza wenye mawe aliona jiwe kubwa mbele, akalikazia macho ili alikwepe, akaenda moja kwa moja akaligonga. Sababu yake ni hii: mikono hufuata macho. Atazamaye jiwe hulifikia. Atazamaye nafasi iliyo kando ya jiwe hupita katika nafasi ile. Alijifunza kusimama juu ya pedeli zote mbili zikiwa sawasawa, magoti yamekunjwa kidogo, na mwili umesogezwa nyuma ya kiti, ili gurudumu la mbele lisimtupe juu ya usukani. Alijifunza kushika breki kabla ya kona, si katikati ya kona. Alijifunza kuchagua gia nyepesi kabla ya kufika penye kilima, kwa kuwa mnyororo uliokazwa kwa nguvu haukubali kuhama. Kadhalika alijifunza kupunguza hewa katika matairi. Tairi gumu hurukaruka juu ya mawe. Tairi lenye hewa ya kadiri hujikunja kidogo likashika ardhi. Lakini likiwa laini kupita kiasi mpira huumia ukingoni mwa gurudumu. Hivyo hata katika hewa mna kipimo.

Jambo moja lilimwona haya. Mahali pengine mteremko ulikuwa mkali kupita uwezo wake. Wenzake wengine walipita juu ya baisikeli. Yeye alishuka akaisukuma. Mwanzoni alitazama nyuma aone kama anachekwa. Baadaye alifahamu kwamba sheria za mchezo huu zamruhusu mshindani kusukuma baisikeli yake au kuibeba begani, na kwamba hata mabingwa hufanya hivyo penye matope mazito. Si aibu kushuka. Iliyo hasara ni kuanguka mahali ulipojua utaanguka.

Tatu ni kukimbia. Karani alikuwa mkimbiaji wa wastani. Lakini siku alipokimbia mara tu baada ya kushuka katika baisikeli, alistaajabu. Miguu ilikuwa kama magogo, na hatua zilikuwa fupi kama za mzee. Hili huwapata wote. Kwa saa nyingi misuli imezoea kuzungusha pedeli, mgongo umeinama, na uzito wa mwili umechukuliwa na kiti. Ghafula miguu yatakiwa kuubeba mwili mzima. Basi mara moja kila juma alianza kufanya mazoezi mawili pamoja: baisikeli, halafu mbio fupi bila kukaa kitako. Baada ya miezi miwili miguu ikaanza kuelewa.

HARAKA NA GOTI

Katika mwezi wa tatu karani alijiona ana nguvu. Akasema moyoni, “Kama saa nne za juma zimenifaidi hivi, saa nane zitanifaidi mara mbili.” Akaacha siku zake za kupumzika. Akaongeza kilomita mara mbili katika juma moja. Juma la pili goti la kulia likaanza kuuma wakati wa kushuka ngazi; juma la tatu hakuweza kukimbia kabisa. Daktari akamwamuru kuacha kukimbia kwa majuma matatu.

Yatupasa kufahamu neno hili, kwa maana si la goti tu. Watu hudhani kwamba nguvu huongezeka wakati wa mazoezi. Sivyo. Wakati wa mazoezi mwili huchoka, na nyuzi za misuli huumia kidogo kidogo. Ni wakati wa kula na kulala ndipo mwili hujijenga upya, ukawa imara kuliko kwanza. Moyo na mapafu huzoea kazi upesi. Mifupa na kano zinazofunga viungo huzoea polepole. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na pumzi ya kukimbia kilomita 10 hali magoti yake bado ni ya kilomita 5. Ajengaye ukuta wa udongo huacha safu ya chini ikauke kabla ya kupandisha ya juu. Akipandisha zote kwa siku moja, mvua haina haja ya kuja, ukuta huanguka wenyewe.

Karani alihuzunika, lakini hakukaa bure. Goti halikumzuia kuogelea, akaogelea. Aliporudi kukimbia alianza na dakika 10, kisha 15, kisha 20. Alijiwekea kipimo rahisi: katika mazoezi ya kawaida asikimbie kwa kasi inayomzuia kusema maneno machache na mwenzake. Tena alijifunza habari za chakula. Mwili huweka akiba ya sukari katika misuli na katika ini, nayo hutosha kazi nzito ya muda wa saa moja na nusu au saa mbili hivi. Shindano lake lingechukua karibu saa nne. Basi ilimpasa kula kidogo kidogo njiani na kunywa maji yenye chumvi kidogo, pasipo kungoja mpaka amechoka kabisa. Wala maji mengi kupita kiasi si mazuri, kwa kuwa hupunguza chumvi ya damu, na huo nao ni ugonjwa. Hapa tena mna kipimo.

SIKU YA SHINDANO

Siku ilipofika, karani aliamka usiku, akala uji na ndizi, akaenda ziwani. Kila mshindani alikuwa na mahali pake pa kuweka baisikeli, viatu, kofia ngumu na maji. Wasimamizi waliwaandika namba mikononi, na nyuma ya mguu wakaandika umri wa kila mtu, kwa sababu wachezaji wa ridhaa hushindanishwa kwa marika, miaka mitano mitano: wa miaka 40 hadi 44 pamoja, wa miaka 45 hadi 49 pamoja, na kadhalika. Msimamizi akawaonya: atakayeiondoa baisikeli mahali pake kabla ya kufunga kofia ngumu kichwani ataadhibiwa, tena atakayekosa kumaliza kilomita 30 za baisikeli kabla ya saa nne na nusu ya asubuhi hataruhusiwa kukimbia. Kuanza ni saa moja na nusu. Karani akahesabu moyoni: saa tatu.

Baragumu lililia. Watu zaidi ya mia mbili waliingia majini kama kundi la samaki. Mmoja alimpiga karani kisigino usoni, mwingine akampanda mgongoni. Hofu ya zamani ilitaka kurudi. Akakumbuka maneno ya mwalimu, akapuliza pumzi ndani ya maji, akasogea kando palipo na nafasi, akaogelea kwa kasi yake mwenyewe. Alitoka majini nyuma ya watu wengi, lakini moyo wake ulikuwa umetulia.

Alifunga kofia, akachukua baisikeli. Kilomita 12 za kwanza zilikuwa za kupanda. Vijana wengi walimpita kwa nguvu, wakisema, “Kushoto!” au “Kulia!” ili ajue upande wa kuwapisha. Mkono wa mbio ulimwasha kuwafuata. Hakuwafuata. Alijua kwamba nguvu zake ni kama unga ulio katika mfuko mmoja, na katika mfuko ule lazima utoke ugali wa mara tatu. Juu ya kilima aliwakuta baadhi ya wale vijana wakisukuma baisikeli, ndimi nje.

Katika kilomita ya 18 alisikia mlio wa hewa: mwiba. Alishuka, akatoa mpira mpya wa ndani aliokuwa ameufunga chini ya kiti. Nyumbani alikuwa amejifunza kuubadili kwa dakika sita. Siku ile mikono ilikuwa na jasho na vumbi, na pampu yake ilikuwa ndogo, ikawa dakika 14. Mtu baada ya mtu walimpita. Alipopanda tena, alitazama saa yake: zilibaki dakika 55 na kilomita 12.

Hapo ndipo palipokuwa na jaribu lake kubwa. Dakika zilizopotea zilimwita kwa sauti: teremka upesi, usishuke penye mawe, uzikomboe zote mara moja! Mbele yake palikuwa na mteremko ule ule mkali aliouogopa siku zote. Kijana mmoja alimpita kwa kasi akaingia mtelemkoni. Karani alishuka, akaisukuma baisikeli yake kwa hatua za haraka, akapoteza dakika mbili. Chini alimkuta yule kijana ameketi kando ya njia, bega limeumia, na gurudumu lake la mbele limepinda kama mkunjo wa sikio. Karani akasimama akamwuliza hali, akamwachia maji, akampasha habari msimamizi wa kwanza aliyemwona. Kisha akaendelea, si kwa kasi ya hasira, bali kwa kasi ile aliyoizoea katika miezi sita. Alifika mahali pa kubadili saa nne na dakika 26. Zilibaki dakika nne.

Mbio za miguu zilikuwa ndefu. Penye kilima alipiga hatua fupi. Palipokuwa pakali sana alitembea kwa mwendo wa nguvu, mikono juu ya mapaja. Katika kilomita ya 7 misuli ya paja ilikaza. Alisimama, akainyosha, akanywa maji ya chumvi, akaenda tena. Alipoona bendera za mwisho watu zaidi ya mia walikuwa wamekwisha kumtangulia, na mshindi alikuwa amekwisha kuoga na kula. Lakini watoto wake wawili walikuwa wakingoja penye kamba, nao hawakuuliza alikuwa wa ngapi. Walisema, “Baba amefika.”

MABINGWA NAO WATUFUNZA

Mtu aweza kusema, “Hiyo ni faraja ya mtu aliyeshindwa.” Basi tuwatazame walioshinda. Ned Overend wa Marekani alizaliwa mwaka 1955. Alikuwa bingwa wa dunia wa baisikeli za mlimani mwaka 1990. Alipata ubingwa wa XTERRA huko Maui mwaka 1998, akiwa na miaka 43, akaupata tena mwaka 1999. Mtu wa umri ule hawashindi vijana kwa nguvu za ghafula. Huwashinda kwa kujua njia na kwa kutunza mwili. Conrad Stoltz wa Afrika ya Kusini alishinda huko mwaka 2001, 2002, 2007 na 2010. Ona kwamba kati ya ushindi wa pili na wa tatu ilipita miaka mitano, naye hakuacha. Lesley Paterson wa Scotland alishinda kati ya wanawake mwaka 2011, 2012 na 2018. Kuogelea hakukuwa fungu lake lenye nguvu. Mara nyingi alitoka majini nyuma ya wapinzani wake, akawakamata kwa baisikeli na kwa miguu. Kama angalikata tamaa ufukoni, hangalipata ushindi hata mmoja.

Basi twaona kwamba bingwa na karani wanafuata njia moja. Bingwa huipita upesi, karani huipita polepole. Lakini kila mmoja hana budi kujua kiasi cha nguvu zake, kuzigawanya kwa kazi zote tatu, kupumzika kabla ya kuvunjika, na kushuka mahali panapotaka kushuka. Mambo haya hayamo katika michezo peke yake. Mwanafunzi aliye na mtihani wa masomo mengi asipoteze mwezi wote katika somo moja alipendalo. Mkulima asitumie nguvu zake zote siku ya kwanza ya kulima, kwa kuwa kupalilia na kuvuna vinamngoja. Mwenda pole hajikwai. Na akikwaa, ana nguvu ya kusimama.

MASWALI

1. Neno trayathloni maana yake nini, na mshindani hufanya mambo gani matatu, kwa taratibu gani?
2. Kwa nini vijana wa Marin waliipa njia yao jina la Repack?
3. Mchezaji wa ridhaa ni mtu wa namna gani?
4. Mwalimu wa kuogelea alimwonyesha karani kosa gani? Dawa yake ilikuwa nini?
5. “Mikono hufuata macho.” Eleza maana ya maneno haya kwa mfano wa baisikeli, kisha toa mfano wako mwenyewe.
6. Kwa nini goti la karani liliuma? Mwili hupata nguvu wakati gani hasa?
7. Penye mteremko mkali karani alipoteza dakika mbili. Je, alifanya vema? Toa sababu zako.
8. Andika barua fupi kwa rafiki yako anayetaka kushindana katika mbio baada ya miezi mitatu. Mshauri jinsi ya kuligawanya juma lake.